A. M. Jeevanjee (1856–1936)

Mtahiniwa, ukitajiwa Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, mkumbuke mwenyewe. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi, akahamia Mombasa mwaka 1890. Kampuni yake ilileta vibarua kutoka Bara Hindi kujenga Reli ya Uganda. Alianzisha gazeti la African Standard. Baadaye alijenga soko Nairobi na kuwapa wakazi bustani hiyo. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa Mwasia wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Zingatia: mali yake iliujenga mji, lakini serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu nyanda za juu, naye akapinga. Kwa hiyo usimtaje kama mfanyabiashara tu. Eleza pia alivyotetea haki za Waasia.