Arthur Loveridge: Mzee aliyepekua matumbo ya nyoka ili wako asife njaa

Tuseme uko Sori, pale kwenye ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori. Rafiki yako amefuga nyoka mdogo wa kahawia ndani ya boksi. Hii ni wiki ya nne na nyoka hajagusa panya hata mmoja. Jana jamaa alimpanua mdomo kwa kijiti, akamsukumia kipande cha nyama. Nyoka akakitapika. Sasa anakuuliza wewe afanyeje.

Kabla hujamjibu, acha nikupe stori ya Arthur Loveridge.

Alizaliwa mwaka wa 1891 huko Penarth, Wales. Mwaka wa 1914 alikuja Nairobi kuwa msimamizi wa makumbusho, yale yale ambayo leo ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hakukaa sana, Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka na akaingia jeshini. Vita vilipoisha alifanya kazi ya kulinda wanyamapori Tanganyika. Mwaka wa 1924 akaenda Marekani, kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, na huko akakabidhiwa idara ya nyoka, mijusi, kobe na vyura.

Ungedhani mtu akishapata kazi Harvard atatulia ofisini. Huyu hakutulia. Alirudi Afrika Mashariki mara kadhaa kwa safari ndefu, akipita Usambara, Uluguru, hata msitu wa Kaimosi huku kwetu magharibi mwa Kenya. Wenyeji ndio waliomwonyesha njia na kumletea wanyama wengi.

Sasa sikiza, hapa ndipo stori yake inapokuhusu. Loveridge hakuridhika kupima urefu wa nyoka na kuhesabu magamba yake. Alipasua tumbo aone alikula nini, kisha akaandika: huyu chura, yule mjusi, mwingine panya. Nyoka mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 1930 alimtambulisha kwa wanasayansi nyoka mdogo mwenye sumu kutoka milima ya Udzungwa, jamaa wa kifutu, ambaye anaaminika kula nyungunyungu. Fikiria nyoka wa ukoo wa kifutu anayeishi kwa minyoo!

Kutokana na kazi kama hiyo, leo tunajua kwamba hakuna kitu kinachoitwa chakula cha nyoka kwa jumla. Wapo wanaokula tandu. Wapo wanaokula konokono. Halafu yupo nyoka mla-mayai, ambaye anapatikana sehemu nyingi za Kenya. Huyo hali kitu kingine ila mayai ya ndege. Humeza yai zima, akalivunja kwa mifupa ya uti wa mgongo inayochomoza kooni, akanywa ute na kiini, kisha akatema ganda. Ukimpa panya atakufa njaa huku panya akimtazama. Na ukimwona akitema ganda, usikimbie kutafuta dawa, huyo ameshiba.

Basi swali la kwanza kwa rafiki yako ni hili: unajua huyo ni nyoka wa aina gani? Kama hajui, aweke kijiti chini.

Swali la pili ni joto. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake kama wako. Akikaa pahali baridi, chakula hakisagiki. Kinaoza tumboni na atakitapika. Chatu, kwa mfano, huhitaji pembe yenye joto la karibu nyuzi 30, na pembe nyingine yenye ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Boksi kwenye sakafu ya simiti, upepo wa ziwa ukivuma usiku kucha, halimsaidii.

La tatu, amwache apumzike. Nyoka akishakula, asishikwe kwa siku mbili au zaidi. Mawindo yasizidi unene wa mwili wake. Macho yakiwa na ukungu, anajiandaa kujivua gamba, na wengi hugoma kula wakati huo. Akitapika, apewe maji, aachwe wiki mbili hivi, kisha aanze na kitu kidogo. Akitapika tena, akikonda, au mdomo ukivimba, hapo ni kwa daktari wa mifugo. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hivyo kugoma peke yake si ugonjwa.

Loveridge alistaafu mwaka wa 1957, mwaka ule ule alipochapisha orodha yake ya nyoka, mijusi, kobe na vyura wote waliojulikana Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Akahamia kisiwa cha Saint Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, pahali pasipo na nyoka. Alifariki huko mwaka wa 1980.

Tusimpake rangi ya malaika. Ili ajue nyoka anakula nini, aliua nyoka wengi mno. Gharama hiyo ilishalipwa na majibu yameandikwa. Kumsukumia nyoka nyama kwa kijiti leo ni kuua mwingine bure kwa swali lililojibiwa kabla babu yako hajazaliwa.

Kwa hivyo mwambie rafiki yako hivi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS kwa anayefuga nyoka wa porini. Kama hana, na nyoka alimtoa kwenye vichaka vya Karungu, awapigie KWS waje wamchukue kabla wiki ya tano haijafika. Asijaribu kumhamisha mwenyewe, maana mla-mayai anafanana sana na nyoka wenye sumu, na kosa moja tu linatosha.