Daktari William Withering na Kipimo cha Dawa

Safari hii twawaletea habari za daktari mmoja Mwingereza, ambaye kazi yake wauguzi wetu huifuata mpaka leo, pengine bila kumjua.

William Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji wa Wellington, Shropshire. Baba yake alikuwa mtengenezaji dawa. Alipokuwa akisomea udaktari huko Edinburgh hakulipenda hata kidogo somo la mimea. Baadaye alimtibu binti mmoja, Helena Cookes, aliyependa kuchora maua. Daktari akawa akimtafutia maua ya kuchora, akamwoa mwaka 1772, na tangu hapo hakuiacha mimea tena.

Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya ugonjwa wa kuvimba mwili kwa maji. Ilikuwa siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, nayo ilikuwa imewaponya baadhi ya watu walioshindikana kwa madaktari, ingawa iliwatapisha na kuwaharisha vikali. (Watu wa siku za baadaye wamempa bibi huyo jina, lakini Withering mwenyewe hakuliandika.) Ndani yake mlikuwa na mimea kama ishirini. Withering akatambua kwamba wenye nguvu ni mmoja tu, digitali, wenye maua ya zambarau mfano wa vidole vya glavu.

Lakini digitali ni sumu, yaweza kumwua mtu. Withering alikuwa akiwatibu maskini bila malipo, na mwanzoni aliwapa wagonjwa dawa nyingi mno. Jambo hilo hakulificha. Kwa miaka kumi alichunguza. Aliona nguvu ya majani hubadilika kwa majira, akaagiza yachumwe mmea unapotoa maua, yakaushwe, yasagwe na kupimwa: uzito wa punje moja hadi tatu za nafaka, mara mbili kwa siku. Aliona pia kwamba dawa huendelea kufanya kazi baada ya kumezwa, hivyo kurudia upesi ni hatari. Mkojo ukizidi, au kichefuchefu kikianza, au mapigo ya moyo yakipungua, dawa isimamishwe mara moja.

Mwaka 1785 alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa zaidi ya 150, pamoja na wale ambao dawa haikuwafaa. Yeye alidhani kazi yake kubwa ni kuongeza mkojo. Leo tunajua kwamba huutia nguvu moyo na kuyapunguza mapigo yake, na moyo ukisukuma damu vema, figo nazo huondoa maji.

Digoksini, dawa ya jamii hiyohiyo, ilipatikana mwaka 1930, nayo hupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu. Nusu yake huweza kukaa mwilini siku moja na nusu au mbili, na zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Ndiyo maana muuguzi huhesabu mapigo kwa dakika nzima kabla ya kumpa mtu mzima kidonge. Yakiwa chini ya 60, hukizuia na kumwarifu daktari.

Withering alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka 1799. Alizikwa katika kanisa la Edgbaston, Birmingham, na kwenye jiwe la ukumbusho wake pamechongwa ua la digitali.