Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyegeuka jina la sanaa

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Akiwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Hakuwahi kusomea uchoraji. Mnamo 1968, akitumia rangi za baiskeli na vipande vya silingibodi, alianza kuchora tembo, chui na ndege wa nchi yake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake, wengi wao jamaa zake, waliendeleza kazi hiyo. Leo picha za namna hiyo huitwa tingatinga, na wengi wanaozinunua hawajui kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.