Marie Curie: mama aliyeshika mionzi kwa mikono yake, na anachotufundisha kuhusu eksirei, skana na simu

Kina mama na walezi wengi wa Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru huuliza maswali yanayofanana. Je, mashine ya ukaguzi kwenye uwanja wa ndege wa KIA inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni? Mnara wa simu uliojengwa karibu na nyumba utatuletea saratani? Mtoto akipigwa eksirei mara mbili kwa mwaka mmoja, ni hatari?

Maswali haya ni ya maana, kwa sababu mionzi haionekani, haina harufu na haiumi mtu anapoipata. Lakini hofu nayo ina madhara yake. Mlezi anayekataa mtoto wake asipigwe eksirei ya kifua anaweza kuchelewesha kugundulika kwa kifua kikuu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayekimbia tiba ya mionzi anaweza kupoteza nafasi ya kupona.

Ili kuelewa ni mionzi gani ya kuogopa na ni ipi isiyotupasa kutukosesha usingizi, tumtazame mwanamke mmoja aliyefanya kazi na mionzi mikali kwa zaidi ya miaka 35. Jina lake ni Marie Curie. Alikuwa mwanasayansi, na alikuwa mama wa watoto wawili.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, Poland, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Urusi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Maria Skłodowska. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto watano.

Familia yake iliguswa mapema na magonjwa ya kuambukiza. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa ya tifasi. Mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10 tu, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya ugonjwa huo, wala kifaa cha kuona kinachoendelea ndani ya mapafu.

Chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Maria na dada yake Bronia wakakubaliana kusaidiana: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto majumbani ili kumlipia Bronia masomo ya udaktari mjini Paris, na Bronia akimaliza, amsaidie mdogo wake. Maria alisubiri kwa miaka kadhaa. Alifika Paris mwaka 1891 akiwa na miaka 24, akakodi chumba kidogo chenye baridi kali, akasoma. Mwaka 1893 alimaliza shahada ya fizikia akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mama na maabara

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanafizikia Mfaransa. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei. Mwaka uliofuata Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuwashwa wala kupashwa moto.

Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897. Marie alikuwa na daftari alimoandika uzito wa mtoto, chakula chake na siku meno yalipoota, kama sisi tunavyofuatilia kadi ya kliniki. Babu wa mtoto, baba yake Pierre, ambaye alikuwa daktari, alihamia kwao akasaidia kulea. Bila babu huyo, pengine kazi kubwa ya Marie isingewezekana.

Marie na Pierre walifanya kazi kwenye banda bovu lililovuja mvua. Marie alichemsha na kukoroga mawe ya madini kwa tani, akitumia fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Mwaka 1898 walitangaza elementi mbili mpya: poloniamu, waliyoipa jina la nchi ya Marie, na radiamu. Ilichukua hadi mwaka 1902 kupata kiasi kidogo sana cha radiamu iliyosafishwa, sehemu moja ya kumi ya gramu.

Radiamu iling'aa gizani, nao waliupenda mwanga huo. Walibeba chupa zake mfukoni bila kinga yoyote. Becquerel aliiweka kwenye mfuko wa kizibao, ikamuunguza ngozi. Pierre alijifunga radiamu mkononi kwa makusudi, akapata kidonda kilichochukua muda mrefu kupona. Kidonda hicho kiliwapa madaktari wazo: kama mionzi inaua ngozi nzima, inaweza pia kuua uvimbe wa saratani. Hapo ndipo tiba ya saratani kwa mionzi ya radiamu ilipoanzia.

Mwaka 1903 Marie alipoteza ujauzito. Yeye mwenyewe alidhani ni kwa sababu ya uchovu, na leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika chanzo kilikuwa nini. Mwaka huohuo yeye, Pierre na Becquerel walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Binti wa pili, Ève, alizaliwa mwaka 1904. Mwaka 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi barabarani, akafa palepale. Marie akabaki mjane mwenye watoto wawili wadogo. Aliendelea na kazi, na mwaka 1911 alipata Nobel ya pili, safari hii ya kemia.

Eksirei vitani

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, majeruhi walikuwa wakipasuliwa huku madaktari wakibahatisha risasi ilipo. Marie alikusanya magari, akayafunga mashine za eksirei na jenereta, akayapeleka karibu na uwanja wa vita. Alijifunza muundo wa mwili na kuendesha gari. Irène alianza kumsaidia akiwa na miaka 17. Waliandaa magari takribani 20 na vyumba vya eksirei 200 hivi hospitalini, na walifundisha wanawake wapatao 150 kuendesha mashine hizo.

Majeruhi wengi waliokolewa. Lakini waliopiga picha hizo walisimama karibu na mashine siku nzima, bila ukuta wa kujikinga wala aproni ya risasi ya kutosha.

Mionzi ilipomrudia

Katika miaka ya 1920 radiamu iliuzwa kama dawa ya kila kitu. Ilitiwa kwenye krimu za uso na maji ya kunywa. Nchini Marekani wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa walilamba brashi ili kuzichonga ncha, na wengi wakaoza mifupa ya taya. Mwaka 1928 kamati ya kimataifa iliundwa ili kuweka kanuni za kujikinga na eksirei na radiamu.

Kwa Marie ilikuwa imechelewa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na kupasuka, na macho yake yalipasuliwa mtoto wa jicho. Tarehe 4 Julai 1934 alifariki huko Ufaransa akiwa na miaka 66. Uboho wa mifupa yake, mahali damu inapotengenezwa, ulikuwa umeshindwa kufanya kazi. Irène, aliyefuata kazi ya mama yake na kupata Nobel mwaka 1935, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1956. Ève, ambaye hakufanya kazi maabara, alikuwa mwandishi na aliishi hadi mwaka 2007, akiwa na miaka 102.

Madaftari ya Marie bado yanahifadhiwa kwenye masanduku ya risasi mjini Paris, maana radiamu hupungua nusu tu kila baada ya miaka 1,600.

Kuna mionzi ya aina mbili

Aina ya kwanza ni mionzi ayonisha. Hii ina nguvu ya kuvunja vipande vidogo ndani ya chembe za mwili. Eksirei na radiamu ziko hapa. Madhara yake hutegemea kiasi, na ndiyo maana hupimwa kwa kipimo kiitwacho milisiveti.

Aina ya pili ni mionzi isiyoayonisha. Simu, minara ya simu, redio, televisheni, Wi-Fi na maikrowevu ziko hapa. Nguvu yake ikiwa kubwa huleta joto, lakini haivunji chembe kama eksirei. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka mawimbi ya simu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo na haukutosha kutoa uamuzi. Ukitaka kupunguza zaidi, tumia spika au spika za masikioni, na usimwachie mtoto simu kwa saa nyingi. Mnara ulio mbali huufikishia mwili wako mawimbi machache kuliko simu iliyo sikioni.

Kila mtu duniani hupata mionzi ayonisha kutoka ardhini, kwenye chakula na kutoka anga za juu. Wastani ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Linganisha:

• Eksirei ya kifua: takribani milisiveti 0.1 au pungufu.
• Saa moja kwenye ndege iliyo juu sana: takribani milisiveti 0.003 hadi 0.005.
• CT skani ya tumbo: inaweza kufika milisiveti 8 hadi 10. Hii ni kubwa, hivyo ifanywe pale inapohitajika tu.

Vipi kuhusu uwanja wa ndege?

Mlango wa chuma unaopita chini yake hutumia usumaku, si eksirei. Skana za mwili zinazotumika sasa kwenye viwanja vingi vikubwa duniani hutumia mawimbi yasiyoayonisha. Zilikuwepo skana za eksirei hafifu kwenye viwanja vya Marekani hadi mwaka 2013. Hata hizo zilitoa chini ya milisiveti 0.0001 kwa ukaguzi mmoja, sawa na dakika chache za kuwa angani. Kwa hiyo safari yenyewe hukupa mionzi mingi kuliko ukaguzi, na hata hiyo ni kidogo kwa msafiri wa kawaida.

Mashine ya mizigo hutumia eksirei, lakini imezungushiwa kinga. Maziwa ya mama, maziwa ya kopo na chakula cha mtoto kikipita humo hakiharibiki wala hakibaki na mionzi. Usimwache mtoto apande kwenye mkanda wa mizigo. Mjamzito mwenye wasiwasi anaweza kuomba kukaguliwa kwa mkono.

Nyumbani kwetu, hatari iko wapi zaidi?

Arusha iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na jua la mwinuko lina mionzi ya urujuanimno yenye nguvu. Kwa watoto wenye ualbino, huu ndio mionzi ya kila siku inayosababisha saratani ya ngozi. Wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli na krimu ya kukinga jua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hutengeneza krimu kwa ajili yao.

Tofauti na enzi za Marie, leo kuna ulinzi. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003 na yenye maabara hapa Arusha, hutoa leseni kwa vituo vya eksirei na kupima mionzi wanayopata wafanyakazi. Ndiyo maana mpiga picha husimama nyuma ya ukuta. Yeye yupo hapo kila siku, mwanao yupo kwa nukta moja.

Ukifika chumba cha eksirei

• Sema mapema kama una mimba au unahisi unayo.
• Uliza picha hiyo itasaidia kuamua nini, na kama ultrasaundi, isiyo na eksirei, inaweza kutosha.
• Tunza picha za zamani na uje nazo, ili mtoto asipigwe tena bila sababu.
• Kama unamshika mtoto wakati wa kupigwa picha, omba aproni ya kinga. Mjamzito asimshike, amwachie ndugu mwingine.
• Kunyonyesha hakuzuiwi na eksirei. Mnyonyeshe mwanao mara mnapotoka.

Mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi, akipata homa zisizoisha au uzito wake ukigoma kuongezeka, mpeleke kituo cha afya. Mhudumu akiagiza eksirei ya kifua, kubali. Mama yake Marie alikufa kwa kifua kikuu bila picha wala dawa. Leo vyote viwili vipo, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.