John Luther Jones, Mwendeshaji wa Gari la Moshi

Butembo na Beni hakuna reli. Mizigo hupita barabarani kwa malori. Lakini katika nchi nyingine gari la moshi lilichukua watu na mali kwa miaka mingi. Mwendeshaji mmoja aliyesifiwa sana ni John Luther Jones wa Marekani.

Mwaka 1886 Jones alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akamwoa Janie Brady. Mungu akawajalia watoto watatu.

Kazi ya gari la moshi ilitaka watu wawili. Mmoja alitia makaa motoni. Moto ulichemsha maji, na mvuke wake ukasukuma magurudumu. Mwenzake aliongoza gari na kutazama mbele.

Siku moja mwaka 1895 Jones aliona watoto wakicheza relini. Wengine walikimbia, lakini msichana mmoja alisimama pale kwa hofu. Jones alitambaa mpaka mbele ya gari, akanyosha mkono, akamnyakua. Mtoto akapona.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 1900, mwendeshaji mmoja aliugua, na Jones akashika kazi yake. Gari lilitoka Memphis likiwa limechelewa dakika 95. Jones hakupenda kuchelewa. Sim Webb, mtu mweusi hodari, alitia makaa bila kupumzika, na gari lilikimbia hata kilometa 120 kwa saa. Kabla ya kukucha walikuwa karibu wamezipata dakika zote zilizopotea.

Lakini huko Vaughan magari ya mizigo yalikuwa yamebaki njiani. Webb aliyaona, akapiga kelele. Jones alimwamuru aruke. Webb akaruka, akaumia, lakini akapona. Jones mwenyewe hakuruka. Alikaza breki kwa nguvu zake zote, na mwendo ukapungua zaidi ya nusu. Magari yakagongana. Jones akafa, kati ya abiria hakufa hata mmoja.

Wakubwa wa reli waliandika kwamba kosa ni la Jones, kwa kuwa hakutii alama ya hatari. Lakini wafanya kazi walimlilia. Wallace Saunders, mtu mweusi aliyesafisha magari ya moshi, alimtungia wimbo, ukaenea pote.

Haraka haraka haina baraka. Tena, aongozaye wengine awafikirie wao kabla ya nafsi yake.