Mtakatifu Thomas wa Aquino na fadhila za wasiobatizwa



Thomas alizaliwa karibu mwaka 1225 katika ngome ya Roccasecca, Italia, kwenye ukoo wa wakubwa. Akiwa na miaka kama mitano alipelekwa kwa Wabenediktini wa Monte Cassino. Jamaa zake walitumaini atakuja kuwa abate. Mwaka 1244 akajiunga na Wadominiko, watawa ombaomba. Ndugu zake walimteka njiani, wakamzuilia karibu mwaka mzima. Hakubadili nia.

Alipokuwa akisoma Napoli alikutana na maandishi ya Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Mengi yalifika Ulaya pamoja na ufafanuzi wa Waislamu kama Ibn Sina na Ibn Rushd. Hata maneno yetu falsafa na fadhila yametufikia kwa Kiarabu. Sisi tunaotoka Ndagoni, kisiwani Mafia, tukizungukwa na majirani Waislamu, hilo halitushangazi.

Kule Cologne mwalimu wake, Albertus Magnus, alifundisha kitabu cha Aristotle cha maadili, na Thomas ndiye aliyeyaandika masomo hayo. Wenzake walimwita ng'ombe bubu kwa ukimya na unene wake. (Bwenini tumesikia mabaya zaidi.)

Swali lilikuwa gumu: je, asiye Mkristo anaweza kuwa na fadhila ya kweli? Mtakatifu Augustino alikuwa mkali: fadhila isiyomwelekea Mungu wa kweli huishia katika majivuno. Thomas alimheshimu sana, lakini akatenganisha mambo. Zipo fadhila zipatikanazo kwa mazoea, kama mtu anavyojifunza kushona nyavu kwa kushona. Na zipo zinazomiminwa na Mungu kwa neema. Zile za kwanza ni za kweli, ingawa bila mapendo hazijakamilika. Basi muuza samaki asiyepunja mizani ana haki ndani yake, hata kama hajabatizwa. Kwetu hilo si swali la mtihani tu, maana tunanunua kwake kila siku.

Wala hakumfuata Mgiriki kila mahali. Kwa Aristotle, ushujaa huonekana hasa kwa askari anayekufa vitani. Thomas alisema kustahimili ni kugumu kuliko kushambulia, na kilele chake ni kifodini. Tuwafikirie Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886: hawakushika mkuki.

Hayo aliyapanga katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae: imani, matumaini na mapendo, ndipo busara, haki, nguvu na kiasi. Desemba 1273, baada ya Misa, aliacha kuandika, kitabu kikabaki bila kumalizika. Alifariki Fossanova tarehe 7 Machi 1274, akielekea Mtaguso wa Lyon.

Mwaka 1277 Askofu wa Paris alilaani hoja 219, baadhi zikigusa mafundisho ya Thomas. Papa Yohane XXII alimtangaza mtakatifu mwaka 1323, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris akaifuta hukumu ile kwa yote yaliyomhusu yeye.