MWALIMU NYERERE NA SWALI LA KUTOKA

Jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kila mwanafunzi analijua. Twalijua kwa Uhuru, kwa Muungano na kwa Azimio la Arusha. Hapa nataka kueleza upande mmoja wa maisha yake usiotajwa sana. Mara moja alipokea majeshi ya kigeni nchini mwake, na mara nyingine alipeleka majeshi yake katika nchi ya jirani. Mara zote mbili alikutana na swali lile lile: askari wakiisha kuingia, watatoka lini, na nani atashika zamu yao?

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Musoma, Tabora na Makerere, kisha Edinburgh alikopata shahada mwaka 1952. Alirudi kufundisha Pugu, akaacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aongoze TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa huru.

Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili tu askari walipoasi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali haikuwa na nguvu nyingine ya kuwazuia. Basi Mwalimu, kwa uchungu mwingi, aliwaomba Waingereza msaada. Tarehe 25 Januari askari wao walishuka kutoka manowari Centaur, na maasi yakazimwa upesi sana.

Yafaa tuangalie alichofanya baadaye. Hakungoja Waingereza wachoke wenyewe. Mwezi Februari alikutanisha Dar es Salaam mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ile. Nigeria ilikubali. Kikosi chake kilifika Aprili, Waingereza wakaondoka, na Wanigeria wakalinda huku jeshi jipya likijengwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na mwezi ule ule Wanigeria walirudi kwao. Kazi ilijulikana, na wa kupokea zamu alijulikana.

Miaka 14 baadaye mambo yaligeuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu na kupora mali. Taifa zima lilijitolea. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Edward Sokoine, yule aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, katika Wilaya yetu ya Mvomero. Nia ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa kumfukuza adui katika ardhi yetu. Kisha ikaonekana lazima kuvuka mpaka, na Masaka ikatekwa mwezi Februari 1979. Mwalimu alitumaini kwamba hapo Waganda wenyewe wangemwondoa Amin. Lakini Libya ilimpelekea Amin askari, na majeshi yetu yakaendelea mbele. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwao.

Mpango wa kutoka ulitungwa mbio mbio. Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi vyama vya Waganda vilikutana Moshi, vikamchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Umoja wa siku tatu haukudumu. Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote, lakini wapinzani walisema umeibwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni alianza vita vya msituni. Majeshi yetu yaliondoka katikati ya mwaka 1981. Obote alipinduliwa mwaka 1985.

Hapa ndipo penye mdahalo. Wako wasemao kwamba tulikaa mno. Gharama ya vita ilikuwa kubwa, na wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Nje nako, Sudan na Nigeria zilitulaumu katika mkutano wa Umoja huo Monrovia, Julai 1979. Wengine wasema kwamba kama tungeondoka Aprili ile, Uganda isingekuwa na jeshi wala polisi, na kila mwenye bunduki angekuwa serikali.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina haki, na kosa halikuwa katika siku ya kuondoka. Kujilinda kulikuwa haki yetu, na kuanguka kwa Amin kuliwaokoa wengi. Lakini mwaka 1979 kazi ilibadilika kila tulipopiga hatua, na mpokeaji wa zamu alitafutwa njiani. Mwaka 1964 jengo la jeshi jipya ndilo lililopanga siku ya kuondoka wageni. Hata mataifa makubwa hayakuepuka shida hii: Marekani ilikaa Afghanistan miaka 20, na ilipoondoka mwaka 2021 serikali iliyoiacha ilianguka siku zile zile.

Mwalimu mwenyewe alijua kutoka. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Miaka yake ya mwisho aliwapatanisha Warundi kwa mazungumzo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.

Vijana wenzangu, baadhi yetu tutakuwa askari, na wengine wabunge. Siku tutakapoulizwa kama jeshi livuke mpaka, tusiulize tu kama tutashinda. Tuulize pia nani atabaki na funguo za nyumba tukishatoka.